Winga wa Viatu vya Shemeji

Kwanza tuwekane sawa: sikuuza viatu vyangu. Mwenyeji wangu ameshatangaza kwenye kundi la ukoo, kwenye kundi la tuliosoma pamoja, na nina wasiwasi hata wanakwaya wameshapata, kwamba "jamaa kaja mjini, siku ya pili tu kauza viatu alivyovaa, karudi peku." Uongo mtupu. Kwanza havikuwa vyangu. Pili, sikurudi peku, nilirudi na yeboyebo. Tatu, aliyeuza ni muuzaji. Mimi nilisaidia tu.

Ngoja niwaeleze mwenyewe, maana ni jana tu na masikio bado yanawaka.

Mnajua mimi ni mtu wa Makambako. Dar nimefika mara mbili maishani, zote msibani, na msibani mtu huoni mji, unaona turubai na sufuria. Safari hii nikasema nataka Kariakoo. Sitaki kutembezwa kama mgeni, nataka kushinda kule kama mkazi, nile wanachokula, nipite wanakopita, nibishane bei wanavyobishana.

Asubuhi ya safari shemeji akaniangalia miguuni, akaona yeboyebo. Akasema huendi Dar kuniaibisha. Akaingia ndani, akatoka na viatu vyake vya kamba, vya ngozi, rangi ya udongo. Nikashukuru, nikavaa, nikapanda basi. Ndugu zangu, shemeji analima viazi. Ile niliyodhani ni rangi ya kiatu lilikuwa shamba. Likumbukeni hilo, tutalirudia kwa machozi.

Mwenyeji wangu anauza makava ya simu Mtaa wa Aggrey, kwa hiyo Kariakoo anaijua kama chumba chake. Aliniwekea masharti tangu Kimara. Usiangalie maghorofa. Usisimame katikati ya njia kusoma vibao. Tembea kama mtu anayemfuata mdeni wake. Nilikuwa nimevaa shati jekundu, akaniuliza kama niko tayari kujieleza kwa kila shabiki wa Yanga kutoka Jangwani kwenda mbele. Nikalivua, nikavaa la kijani. Akaniuliza kama najua tunashukia Msimbazi, mlangoni kwa Simba. Nikavaa la kijivu.

Mwendokasi siisemei. Kutoka Kimara hadi Magomeni nilisimama kwa mguu mmoja, ule mwingine sijui ulikuwa kwenye kikapu cha nani. Tulipofika Msimbazi tukatafuta muuza kahawa, tukakaa kwenye benchi na wazee, vikombe vidogo mkononi, kashata pembeni. Hapo nikaona nionyeshe kwamba nami si mtupu, nimesoma. Nikawaeleza wazee kwamba jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza enzi za Vita Kuu ya Kwanza. Nikawaeleza kwamba lile jengo la soko lilichorwa na Beda Amuli, likafunguliwa 1975, na likaungua Julai 2021. Wazee wamezaliwa pale pale. Wamenisikiliza mpaka mwisho, heshima ya hali ya juu. Kisha mmoja akasema, "Sawa, mwalimu. Zipu ya begi lako iko wazi."

Kwa nini sikurudi nyumbani saa ile ile, sijui.

Tukazunguka. Mtaa wa Kongo nilipita ubavu ubavu kama kaa. Mawinga mnawajua: hana duka, hana mzigo, ana mdomo. "Braza, jinzi? Kaka, simu? Bosi, njoo uangalie tu, kuangalia bure." Mwanzoni kila mmoja nilimjibu, nikamshukuru, nikamwulizia na hali ya nyumbani, kama tulivyolelewa. Kufika saa sita nilikuwa nimeshajifunza jibu moja la mkato: "Niko kazini, kaka." Wananiacha! Mmoja hata akanigongea ngumi. Jamani, ile ngumi ndiyo iliyoniponza. Nikajiona nimeshakuwa mtoto wa Kariakoo.

Kutoka hapo tukafuata Uhuru kwa miguu mpaka Karume, kwenye mitumba. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, kwa hiyo juu ya udongo wa Makambako nikapaka na tope la Ilala. Mwenyeji akaona mashine ya juisi ya miwa, akaniambia nimsubiri hapo hapo, nisiende popote. Sikwenda popote. Nilisogea hatua nne tu, kwenye turubai la viatu, kwa sababu niliona raba nyeupe.

Sasa twendeni polepole.

Nilivua viatu vya shemeji, nikaviacha ukingoni mwa turubai. Rudini msome tena hapo. Ukingoni mwa turubai la mtu anayeuza viatu.

Ile raba ilikuwa namba 41. Mimi navaa 42, ila nilikuwa nimeipenda, nikaamua mguu utajifunza. Nikaanza kusukuma, nimeshikilia nguzo ya kibanda, jasho linanitoka. Pembeni kulikuwa na dogo mmoja na ndoo, dekio, brashi na kopo la kiwi. Kazi yake ni moja: kinachofika pale kichafu, kiondoke kinang'aa. Haulizi kimetoka kwa nani. Mimi nasukuma, yeye anapiga brashi. Nilimsikia kabisa, chwa chwa chwa, nikasema moyoni dogo huyu anajituma.

Mara akaja mzee mmoja na balaghashia, mwavuli mkononi. Akaokota jozi ya viatu vya kamba, ngozi, rangi ya damu ya mzee, vinang'aa unajiona uso. Nilivitazama nikajilaumu. Hivi nimefika hapa muda wote huu sikuviona vipi?

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Hivi bei gani?"

"Thelathini na tano tu mzee wangu, maongezi yapo," muuzaji akadakia.

Mzee akavigeuza. "Mbona kisigino kimelika huku nje?"

Muuzaji akakosa neno. Kama sekunde mbili hivi, kimya. Na mimi, mtoto wa Kariakoo, mwenye ngumi yangu, ningeachaje biashara ya mwenzangu ife?

"Mzee wangu," nikasema, "hiyo ndiyo dalili ya ngozi halisi. Vya bandia vinapasuka kabla havijalika."

Shemeji ana matege. Huwa namtania kwa hayo matege. Kisigino kile nimekifuata nyuma njia nzima ya shambani miaka na miaka, na nilikuwa nakitazama, sentimita thelathini kutoka puani, nikamwambia mzee ni ngozi halisi.

Mzee akakwangua mshono kwa ukucha. Kikatoka kiudongo chekundu. "Na huu?"

"Ulaya nako kuna udongo, mzee."

Muuzaji akaniangalia kwa mapenzi ambayo sijawahi kuangaliwa nayo. Mzee akanisogelea, akanong'ona kama baba na mwana, "Niambie ukweli. Wewe ungevivaa?"

"Mzee wangu, ukiviacha navichukua mimi."

Nisameheni, nimeenda kunywa maji nimerudi.

Wakavutana, mzee 15,000, muuzaji 30,000, nikaingia kati kama mshenga. Ikaishia 20,000. Mzee akatoa wekundu wawili wa Msimbazi, akavaa viatu pale pale, vikamkaa utadhani alipimwa. Muuzaji akanipenyezea buku mbili kiganjani. "Winga, chako hiki."

Nilipokea kwa mikono miwili. Nikasema asante. Nilifurahi mpaka nikamsindikiza mzee barabarani, mguu mmoja nimevaa nusu raba, mwingine soksi, nikamsimamishia daladala la Buguruni na mwavuli nikamshikia wakati anapanda. Akanipungia dirishani. Nami nikapunga.

Nikarudi kwenye turubai ili nimalizie raba yangu. Bado haiingii. Nikasema basi, nivae vyangu niende zangu. Nikaangalia ukingoni. Pale nilipoviacha palikuwa na alama mbili za tope, umbo la soli, zimechapwa vizuri kama muhuri wa mtendaji wa kijiji. Zote mbili hazikugusa upande wa nje wa kisigino.

Nikazitazama. Nikamtazama dogo na kopo lake la kiwi. Nikaitazama barabara. Kitu cha kwanza kilichonijia kichwani, naapa, hakikuwa viatu. Ilikuwa sauti yangu mwenyewe: "Ulaya nako kuna udongo, mzee."

Yaliyofuata ni ya kawaida. Nilikimbilia daladala, lilishaondoka. Muuzaji kwanza alikataa, kisha dogo akathibitisha, kisha wakacheka mpaka wauza suruali wa upande wa pili wakaja kuuliza, nao wakacheka, kisha tukahesabiana. Akanirudishia 10,000, akasema nyingine ni kiwi, kazi ya dogo, na usumbufu, na kwamba yeye hajawahi kuwa na winga mzuri kama mimi, nikikosa kazi nirudi. Yeboyebo akanipa bure. Za kijani. Kutoka pale mpaka Kimara niliangalia maghorofa tu, masharti basi.

Na mwenyeji wangu? Mwenyeji alikuwa kwenye miwa muda wote, anatazama. Nikamwuliza kwa nini hukunistua. Anasema alidhani nimeamua kuuza, na alikuwa anajisemea, kumbe watu wa Makambako wana akili ya biashara hivi.

Kwa hiyo nyie mnaonitumia picha za kopo la kiwi tangu asubuhi, nimewaona. Na wewe uliyeuliza kama ile buku mbili ninayo bado: ninayo. Sijaweza kuitumia.

Bahati yangu shemeji ana kitochi, hayumo kwenye kundi lolote. Jana usiku alinipigia kunijulia hali. Tukaongea viazi, tukaongea mvua. Mwishoni akauliza, "Na vile viatu, havikubani?"

Nikamwambia, "Hata kidogo, shemeji."