"Alikiri mwenyewe"

Juzi kwenye kundi letu la WhatsApp la Watanzania wa huku Marekani, mtu aliandika kuhusu kijana wa mama jirani yangu, aliyeshtakiwa mahakamani: "Kama hakufanya, mbona alikiri mwenyewe?" Nilizima simu nikaenda kufua nguo, maana ningejibu muda ule ningetukana. Sasa najibu.

Mimi nilikuwepo siku hiyo mahakamani. Mkalimani wa mahakama ni wa mshtakiwa, si wa mama yake, kwa hiyo mama aliniomba nimsindikize. Tukiwa kwenye korido akatujia jamaa mwenye tai, rundo la majalada kwapani. Nikasema, mama, huyu ni wakili wa serikali. Mama akanivuta mkono: "Usimwambie kitu, mwanangu. Si ndiye anayefunga watu?" Kosa langu. Kwetu wakili wa serikali ndiye mshtaki. Huku, tangu uamuzi wa kesi ya Gideon mwaka 1963, mshtakiwa wa kosa zito asiye na pesa ya wakili lazima apewe wa kumtetea. Ni haki kubwa, nakubali. Lakini huyu tulimpata kwa dakika kama kumi. Kijana alikuwa ameruhusu mama yake aelezwe, na maelezo yenyewe yalikuwa haya: akikiri kosa dogo, anatoka leo, atakuwa chini ya uangalizi. Akikataa, anarudi mahabusu kungoja kesi, na shtaka zito linabaki palepale. Pesa ya dhamana hatukuwa nayo.

Ungekuwa wewe, ungefanyaje?

Tumezoea kwenye filamu kuona raia 12 wameketi wanasikiliza ushahidi, kisha wanaamua kama mtu ana hatia. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema yenyewe kwamba asilimia 97 ya hukumu za hatia katika mahakama za shirikisho (za serikali kuu), na 94 katika za majimbo, zinatokana na watu kukiri. Wale raia 12 karibu hawaitwi kabisa. Anayeamua ni mwendesha mashtaka, kwa sababu ndiye anayechagua shtaka, na shtaka ndilo linalobeba miaka.

Paul Hayes wa Kentucky alishtakiwa kwa hundi ya kughushi ya dola 88.30. Akaambiwa: kiri, tutapendekeza miaka mitano, ukikataa, tunakufungulia shtaka la mhalifu sugu. Alikataa, akapatikana na hatia, akafungwa maisha. Ni kweli alikuwa na makosa ya nyuma. Lakini hundi ni ileile, mtu ni yuleyule, kilichoongezeka ni kwamba alidai kesi isikilizwe. Mwaka 1978 majaji watano wa Mahakama ya Juu, dhidi ya wanne, walisema hakuna ubaya.

Na mnaouliza "mbona asingengoja kesi", someni habari za Kalief Browder. Alikamatwa Bronx, New York, mwaka 2010 akiwa na miaka 16, akidaiwa kuiba begi. Dhamana ilikuwa dola 3,000, nyumbani hawakuwa nazo. Alikaa mahabusu ya Rikers karibu miaka mitatu, muda mrefu akiwa kwenye chumba cha peke yake, akikataa kukiri kila alipoletewa ofa. Mwaka 2013 mashtaka yakafutwa. Mwaka 2015 akajinyonga. Huyo alingoja.

Mtaniambia kesi zote zikisikilizwa mahakama zitafurika. Sawa, zitafurika. Lakini mtu si lazima angojee mahabusu kwa kukosa pesa: jimbo la Illinois lilifuta dhamana ya pesa mwaka 2023 na maisha yanaendelea. Na walioko nyumbani msione hili ni la Marekani tu: Tanzania tuliweka makubaliano ya kukiri, kati ya mshtakiwa na mwendesha mashtaka, kwenye sheria mwaka 2019.

Kinachoniuma zaidi ni makaratasi yetu ya kuishi huku. Kwa asiye raia, kukiri kosa ambalo halina hata siku moja ya jela kunaweza kumrudisha alikotoka. Tangu mwaka 2010, kwa kesi ya Padilla, wakili analazimika kumweleza mteja jambo hilo kabla hajasaini. Mwenye ndugu mahabusu, ulizeni mapema, na msikubali kujibiwa "tutaangalia baadaye".

Siku ile sisi tulibahatika kuuliza. Wakili alikuwa ameshageuka kwenda kuonana na kijana, fomu ikiwa juu ya jalada. Nikamwuliza: akisaini hii, makaratasi yake yanakuwaje? Akasimama. Ndipo akafungua jalada kutafuta kijana alizaliwa wapi.