Harusi London, Matanga Waikato

Tunaposema kukopa harusi, kulipa matanga, huwa tunamfikiria mtu mmoja: aliyecheza ngoma jana ndiye anayelia leo. Kuna mkopo wa karne ya 19 ambao haukwenda hivyo. Harusi ilifanyika nyumba moja, matanga yakawekwa kwa jirani ambaye hata kadi ya mwaliko hakupewa.

Nazungumzia Nyuzilandi, wakati huo koloni la Uingereza. Ukianza kusoma jinsi serikali ya koloni lile ilivyokopa London, jina la kwanza utakalokutana nalo ni Julius Vogel, waziri wa fedha. Juni 1870 alilieleza bunge mjini Wellington kwamba koloni likope pauni milioni 10 katika miaka kumi, lijenge reli na barabara, lilete wahamiaji kutoka Ulaya. Walowezi wote wakati huo walikuwa kama robo milioni tu. Kwa hesabu ya haraka, ni pauni 40 kwa kila kichwa, mtoto mchanga akiwamo. Muongo ulipokwisha, zilikuwa zimekopwa karibu milioni 20. Mpaka leo wako wanaomsifu kuwa mjenzi wa nchi na wako wanaomwita mcheza kamari.

Mimi naona mjadala huo unaanzia mahali pasipo pake. Kabla ya kuuliza Vogel alikopa kiasi gani, rudi nyuma miaka saba.

Tarehe 12 Julai 1863, majeshi ya Gavana George Grey yalivuka kijito cha Mangatawhiri na kuingia Waikato, nchi ya Wamaori, wenyeji wa asili wa Nyuzilandi, waliokuwa wamejiwekea mfalme wao. Vita ni gharama. Desemba mwaka huohuo bunge la walowezi likapitisha sheria mbili zilizokwenda sambamba. Moja iliruhusu kukopa pauni milioni 3. Nyingine iliruhusu serikali kutwaa ardhi ya makabila yaliyohesabiwa kuwa waasi. Hesabu yenyewe ilikuwa hivi: mkopo ugharimie vita na makazi mapya, vita vilete ardhi, ardhi iuzwe kwa walowezi, na fedha za mauzo zilipe mkopo. Yaani rehani ilikuwa shamba la mtu mwingine, na fedha zilizokopwa kwa rehani hiyo ndizo zilizonunua risasi za kumwondolea shambani.

Waziri mkuu wa wakati ule, Frederick Whitaker, na waziri wake wa ulinzi, Thomas Russell, walikuwa mawakili washirika wa ofisi moja mjini Auckland. Russell huyohuyo alikuwa mwanzilishi wa Bank of New Zealand, benki iliyotunza akaunti ya serikali. Sihitaji kuongeza neno.

Nitulie kidogo Rangiaowhia, kwa sababu takwimu zina tabia ya kuficha watu. Kilikuwa kijiji cha Wamaori chenye mashamba ya ngano, miti ya mipichi na makanisa mawili, moja la Kianglikana na moja la Kikatoliki. Katika miaka ya 1850 watu wa Waikato walisaga ngano yao kwenye vinu vyao wenyewe na kuulisha mji wa Auckland. Nyingine ilisafirishwa kwa meli hadi Australia. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 21 Februari 1864, wanajeshi walikwepa ngome za Wamaori usiku na kuvamia kijiji hicho, walimokuwamo wanawake, wazee na watoto. Nyumba moja iliteketea kwa moto na watu ndani. Katika Waikato nzima zikatwaliwa ekari kama milioni 1.2, kisha ardhi ikakatwa viwanja.

Sasa tazama upande wa pili wa bahari. Hatifungani, yaani hati anayopewa mtu aliyeikopesha serikali, wakati ule ilikuwa karatasi nzito yenye kuponi ndogondogo pembeni, kila moja na tarehe yake. Kila baada ya miezi sita mwenye nayo alichukua mkasi, akakata kuponi moja, akaipeleka benki, akapewa riba. Hatifungani za serikali ya Uingereza yenyewe zilitoa asilimia 3. Makoloni yalilipa zaidi, na ndiyo maana watu wenye akiba zao walizipenda. Siamini kwamba mjane wa Edinburgh aliyekata kuponi yake alijua miti ya mipichi ya Rangiaowhia. Hakuna aliyemwambia, na karatasi ile haikuandikwa hivyo.

Kilichonikera zaidi ni kwamba hesabu yenyewe haikutimia. Upimaji, barabara na uendeshaji vilimeza fedha, viwanja havikuuzika kama walivyotarajia, na mauzo hayakukaribia hata kidogo kulipa deni. Vogel alipokuja na mpango wake, sehemu ya mkopo ikatengwa kununua ardhi zaidi ya Wamaori katika Kisiwa cha Kaskazini.

Najua nitaambiwa reli zilijengwa, na ni kweli. Mwaka 1878 treni ilikuwa ikitoka Christchurch hadi Dunedin, na idadi ya walowezi karibu iliongezeka maradufu katika muongo ule. Sipingi serikali kukopa. Ninachokataa ni kuupima mkopo kwa kiasi, riba na kilichojengwa peke yake, bila kuuliza rehani ilikuwa mali ya nani na kama mwenyewe aliulizwa. Mmaori wa Waikato hakuulizwa. Mpaka mwaka 1867 hakukuwa na hata kiti kimoja cha Wamaori katika bunge lililoidhinisha mikopo hiyo.

Wenye hatifungani kule London walipata riba yao kila ilipofika siku yake. Watu wa Waikato walisubiri hadi Novemba 1995, Malkia Elizabeth alipotia saini kwa mkono wake sheria yenye maneno ya kuomba radhi, pamoja na fidia ya dola milioni 170 za Nyuzilandi, sehemu yake ikiwa ardhi. Ilikuwa miaka 132 tangu majeshi yavuke kijito kile.