Kabla Nyutroni Hazijafika

Desemba 5, 2022, katika maabara ya Lawrence Livermore huko California, miali 192 ya leza ilipeleka megajuli 2.05 kwenye shabaha, na myunganiko wa nyuklia, yaani viini vya atomu kuungana, ukatoa nishati ya megajuli 3.15. Walimwengu wakaishangilia leza. Kwangu mimi, nusu ya shangwe ile ni haki ya waliobuni vigunduzi vya eksirei, kamera zinazonasa mionzi inayotoka kwenye shabaha inapowaka. Bila wao, miaka ya majaribio yaliyokwama isingefundisha kitu.

Tazama kazi waliyopewa. Ndani ya shabaha, kidonge cha almasi chenye fueli na upana wa milimita 2 hivi hubanwa hadi kiini chake kikaribie unene wa unywele, kisha kinawaka kwa takriban sehemu moja ya bilioni kumi ya sekunde. Muda huo, mwanga wenyewe husafiri sentimita 3 tu. Eksirei hazikusanywi na lenzi ya kioo, kwa hiyo hupitishwa kwenye vitundu vyembamba vya bamba la metali. Nyuma yake kuna bamba jingine, la kioo chenye vinyweleo vingi mno, lililopakwa mistari ya dhahabu. Mpigo wa umeme hukimbia juu ya mstari, na pale unapopita ndipo jicho linapofumbuka, kisha linafumba. Hapo umeme ndio kifuniko cha kamera.

Halafu kuna nyutroni, chembe zinazorushwa na myunganiko wenyewe, na hapa ndipo ninapowavulia kofia wabunifu hao. Jaribio linapofaulu zaidi ndivyo linavyozidi kumwaga nyutroni, na nyutroni huvuruga picha na kuharibu vifaa vya elektroniki. Wabunifu wakatumia mbio. Ukiiweka kamera mita 6 kutoka kwenye shabaha, eksirei huifikia kwa nanosekunde (sehemu za bilioni za sekunde) 20; nyutroni, zenye kasi kama moja ya sita ya ile ya mwanga, huchukua kama 115. Katika pengo hilo picha inakuwa imeshanaswa. Hata filamu ya kizamani imewahi kurudishwa kazini, kwa kuwa inavumilia pale kihisi cha kisasa kinapokufa.

ITER, mtambo wa kimataifa wa myunganiko unaojengwa Ufaransa, hautakuwa na pengo hilo. Plazima yake, gesi ya moto mno inayozuiliwa kwa sumaku, imekusudiwa kudumu kwa dakika kadhaa, nyutroni zikimiminika muda wote. Huko fuwele inaweza kuakisi eksirei pembeni, kwenye kigunduzi kilichojificha nyuma ya kinga, na njia hiyo inahitaji nafasi ukutani. Ndiyo maana naona ni kosa kubwa kwa mradi wowote wa aina hii kuwaita watu wa vigunduzi wakati kuta zimeshachorwa. Wakae mezani siku ya kwanza, pamoja na watu wa sumaku.