Kofia ya Baiskeli ni ya Kuanguka, Si ya Kugongwa na Lori

Ukimshauri mwendesha baiskeli yeyote wa Tororo, mashariki mwa Uganda, avae kofia ngumu, jibu lake unaweza kulitabiri kabla hujamaliza sentensi yako: "Sasa mzee, trela likinipitia juu, hiyo kofia itanisaidia nini?" Wenzake kijiweni watacheka, naye atapangusa kiti cha abiria kwa kitambaa na mazungumzo yataishia hapo. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, kwa sababu barabara inayotoka Malaba kuelekea Bugiri hupitisha malori ya mizigo usiku na mchana, na hakuna kofia ya baiskeli duniani iliyotengenezwa ili kuhimili tani 30 za saruji. Hata hivyo naliona kuwa jibu la swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Kofia ya baiskeli ilibuniwa kwa ajili ya mtu anayeanguka mwenyewe, na kuanguka ndiko kunakotupata mara nyingi zaidi, ingawa hatukuhesabu kuwa ajali.

Hebu tutazame jinsi watu wanavyoanguka huku kwetu. Baiskeli nyingi za kubeba abiria na mizigo ni zile nyeusi za chuma, ambazo breki zake huvutwa kwa vyuma badala ya nyaya, na raba za breki zikiisha, fundi hukata kipande cha tairi kuukuu au cha ndala na kukipachika mahali pake. Mteremkoni, mwenye baiskeli ambaye hakuwahi kufika kwa fundi hukanyaga tairi la mbele kwa soli ya kiatu hadi mwendo upungue. Nyuma yake pana mikungu ya ndizi, au magunia mawili ya makaa, au madumu ya maji ya lita 20 yanayoning'inia pande zote mbili na kuvuta usukani kila gurudumu linapoingia shimoni. Dereva wa trela akipiga honi, mwendesha baiskeli hutoka kwenye lami, na pale ukingo wa lami ulipolika na kuacha ngazi ya kina cha kiganja, gurudumu huteleza wakati wa kurudi juu, na mtu huenda chini kwa ubavu bila kuguswa na gari lolote. Mambo haya si ya nchi zenye barabara mbovu tu. Hata Uholanzi, ambako baiskeli zimejengewa njia zake mbali na magari, zaidi ya nusu ya waendesha baiskeli wanaofikishwa hospitalini huwa wameanguka peke yao.

Kuhusu nguvu ya anguko lenyewe, watu wengi huamini kwamba asiyekwenda mbio hawezi kuumia sana, na imani hiyo ndiyo inayowatuliza wazee wanaoendesha polepole kwenda sokoni. Kichwa cha mtu aliyeketi juu ya baiskeli huwa mita moja na nusu kutoka ardhini, au zaidi kidogo. Kitu chochote kikiachiwa kutoka kimo cha mita 1.5 hufika chini kikiwa na mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa, hata kama baiskeli yenyewe ilikuwa imesimama. Huo ndio mwendo ambao kofia hupimiwa. Katika kiwango cha Ulaya kinachoitwa EN 1078, kofia huvalishwa kichwa cha bandia na kuangushwa juu ya chuma bapa kwa mwendo wa mita 5.42 kwa sekunde, na mshtuko unaofika kichwani hauruhusiwi kupita mara 250 ya nguvu ya uvutano wa dunia. Kazi hiyo yote hufanywa na povu gumu jeupe lililo ndani, la jamii ileile inayofungia televisheni mpya katika boksi. Povu hilo hubonyea sentimita chache na kubaki limebonyea, na katika kubonyea huko kichwa hupata nafasi ya kusimama taratibu kidogo kuliko ambavyo kingesimamishwa na lami. Gamba la nje linalong'aa huzuia tu povu lisikwaruzwe na lisitawanyike. Ndiyo maana kofia iliyokwisha kupokea pigo moja kubwa imemaliza kazi yake, hata kama kwa nje inaonekana nzima.

Ushahidi wa kitabibu nao haujaanza jana. Mwaka 1989 watafiti wa Seattle, Marekani, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 85, na takwimu hiyo ikasambaa hadi ikawa kama wimbo wa wauza kofia. Mimi sikuwahi kuipenda, kwa sababu watu wanaovaa kofia kwa hiari huenda pia ndio wanaoendesha kwa uangalifu na kukagua breki zao. Mwaka 2016 Olivier na Creighton wa Australia walikusanya tafiti nyingi zilizohusu waendesha baiskeli zaidi ya 64,000 waliojeruhiwa, na wakapata kwamba uwezekano wa kuumia kichwa ulikuwa mdogo kwa takribani nusu kwa waliovaa kofia, na ule wa kuumia kichwa vibaya ulikuwa mdogo kwa asilimia 69. Nusu ni ahadi ndogo kuliko asilimia 85, lakini ni dawa gani nyingine inayouzwa dukani inayoweza kutoa ahadi hiyo?

Kuna majeraha ambayo kofia haina habari nayo, na anayeihubiri bila kuyataja anastahili kuchekwa kijiweni. Anayeanguka kwa ubavu huvunja mtulinga, na anayejikinga kwa viganja huvunjika kifundo cha mkono. Mtoto anayeangukia ncha ya usukani anaweza kupasuka wengu au kuumia kongosho huku tumboni pakionekana alama ndogo tu ya duara. Mtoto aliyepakiwa nyuma bila mahali pa kukanyaga huning'iniza miguu, na kisigino kikiingia kwenye spoki, ngozi yote ya nyuma ya mguu huondoka. Kipande cha wavu kilichofungwa pembeni mwa gurudumu kingezuia jeraha hilo, na hakihitaji kununuliwa ng'ambo. Ningependa kuona wavu huo katika kila baiskeli inayobeba wanafunzi, hata kabla ya kofia.

Lakini mtulinga huunga wenyewe ndani ya wiki chache, na ubongo haufanyi hivyo. Lililo baya zaidi ni kwamba jeraha la ubongo linaweza kujificha. Mtu huanguka, hupoteza fahamu kwa muda mfupi au hapotezi kabisa, kisha huinuka, hujikung'uta vumbi, huwatania waliokimbilia kumsaidia na kuendelea na safari yake. Wakati huo mshipa uliopasuka chini ya mfupa unaendelea kuvujisha damu, na baada ya saa kadhaa kichwa huanza kumuuma kwa kuzidi, hutapika, huongea ovyo, hulala usingizi ambao kumwamsha ni kazi, na mboni ya jicho moja hupanuka kuliko ya jicho la pili. Watu wa nyumbani husema aachwe apumzike kwa kuwa amechoka na kazi. Mtu huyo anahitaji picha ya kichwa na daktari wa upasuaji wa ubongo usiku huohuo, na madaktari hao ni wachache nchini, na wengi wao wako Kampala, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa. Kwa mwenzetu wa London kofia ni tahadhari mojawapo kati ya nyingi, kwa kuwa helikopta na chumba cha upasuaji vinamsubiri. Kwa mtu wa kijiji cha karibu na Malaba, sentimita hizo chache za povu zinashika nafasi ya huduma ambayo hataipata kwa wakati.

Si kila kitu kigumu kinachovaliwa kichwani kinafaa kwa kazi hii. Nimeona vijana wengi wakivaa kofia za manjano za mafundi wa ujenzi, ambazo zilitengenezwa kuzuia tofali linalodondoka utosini na hazina kinga ya maana pembeni, mahali ambapo mwendesha baiskeli hupigwa. Tena hazina mkanda wa kidevuni, na hivyo huruka kabla kichwa hakijafika chini. Kofia ya pikipiki ingemlinda vizuri zaidi, lakini anayekanyaga pedali na abiria nyuma katika jua la saa saba hawezi kuivumilia hata kilomita moja. Kofia za baiskeli za mitumba zipo sokoni, na mnunuzi anapaswa kutafuta ndani yake kibandiko cha EN 1078 au cha kiwango cha Marekani kiitwacho CPSC, kisha ang'oe sponji za ndani na kuutazama weupe wa povu mwangani. Ufa mwembamba kama unywele unatosha kuirudisha kofia mezani. Ikivaliwa, ikae sawa juu ya paji la uso, vidole viwili juu ya nyusi, na mkanda ubane kiasi cha kuruhusu kidole kimoja tu chini ya kidevu. Kofia iliyosukumwa kisogoni kwa ajili ya urembo huliacha paji la uso wazi.

Abiria ndiye aliyesahauliwa zaidi. Tangu kazi ya boda ilipoanza kwa baiskeli huko Busia miaka ya 1960, akina mama wameketi upande upande, mtoto mgongoni na kikapu mapajani, wakiwa hawaoni shimo linalokuja wala hawana cha kushika ila kiti chenyewe. Kumtaka mwendeshaji awe na kofia ya pili ya abiria ni wazo linalosemwa na watu wasiopanda baiskeli, kwani kofia inayopita vichwa vingi kwa siku moja hujaa jasho, na mama aliyesuka nywele zake jana au aliyejifunga hijabu hataikubali, na mimi simlaumu.

Baadhi ya wenzangu wanaonielewa hadi hapa hunishangaa ninapopinga sheria ya kulazimisha kofia. Jimbo la Victoria, Australia, lilipoanza kulazimisha tarehe 1 Julai 1990, majeraha ya kichwa yalipungua, lakini idadi ya vijana waliopanda baiskeli nayo ilishuka sana, kwa hiyo sehemu ya upungufu huo ilikuwa ni ya watu walioacha tu kuendesha. Seattle hiyohiyo ya utafiti wa 1989 ilikuwa na kanuni ya kofia kwa miaka mingi, na mwaka 2022 eneo lake la King County likaifuta, baada ya kudhihirika kwamba faini ziliwaangukia kupita kiasi watu weusi na wasio na makazi. Anayetumia barabara zetu hahitaji kuelezwa faini kama hiyo ingemwangukia nani hapa. Sheria ya kofia kwa waendesha pikipiki tunayo, na bado kofia nyingi huonekana zikining'inia kwenye usukani hadi kizuizi cha askari kinapokaribia. Baiskeli ni chombo cha asiyeweza kununua pikipiki, na kumnyang'anya chombo hicho kwa kukosa kofia ambayo maduka ya vipuri ya mji wake hayauzi ni kumwongezea umaskini kwa jina la usalama. Wenye nguvu ya kutunga sheria waanze kwa kuondoa kila kodi kwenye kofia zenye kibandiko cha kiwango, wazibe ngazi iliyo ukingoni mwa lami, na wagawe kofia za kwanza kwa watoto wanaoendesha wenyewe kwenda shule. Suala la faini lisubiri hadi kofia ipatikane katika kila duka la vipuri kuanzia Malaba hadi Mbale, kwa bei isiyozidi ya tairi moja.