Kabla ya Kuagiza Roboti, Ulizeni Ukubwa wa Laminata

Kuna video inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya hapa Mombasa. Kiwanda cha paneli za sola, sakafu inang'aa, mikono ya roboti inapokezana vioo, binadamu haonekani. Aliyeituma ameandika kwamba viwanda vya Dongo Kundu vikijengwa viwe hivyo hivyo, otomatiki mwanzo mwisho. Wa kwanza kumjibu kaja juu: hapana, kila kitu kifanywe kwa mikono, kwani vijana wa Likoni na Mtongwe watakula nini? Tangu hapo ni matusi tu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza laminata ina ukubwa gani.

Basi tuanze na laminata, ile mashine inayobana na kupika kioo, plastiki na seli mpaka zishikane kuwa paneli moja, maana yeye ndiye anayeamua mengine yote.

Chukua laminata ya meza moja, mita 2.4 kwa 3.6. Paneli ya wati 550 yenye nusu-seli 144 (seli zilizokatwa katikati) ina urefu wa takriban mita 2.28 na upana wa 1.13, kwa hiyo zinaingia tatu. Kuvuta hewa, kubana, kupika kwenye nyuzi 140 na kitu, kufungua, kutoa: dakika 18 ukiwa mkweli. Paneli 3 kila dakika 18 ni paneli 10 kwa saa. Uwe na roboti, uwe na malaika, ni kumi. EVA, ile plastiki inayoshikisha seli kwenye kioo, haiharakishwi. Ukipandisha joto ili umalize mapema, inashika kabla hewa haijatoka na unabaki na viputo. Ukipunguza dakika, haiivi sawasawa, na baada ya miaka kadhaa juani plastiki ya mgongoni inaanza kuachana na seli.

Sasa mwuzaji anakuja na stringa, mashine ya kuunga seli kwa nyaya ziwe tungo, ya nusu-seli 7,000 kwa saa. Gawa kwa 144: paneli 48 kwa saa. Zile 38 ambazo laminata haiwezi kuzimeza tuzipange wapi, kwenye maegesho ya magari? Laminata yetu inahitaji nusu-seli 1,440 kwa saa. Stringa ya 2,000 na kitu inatosha, na muda wa kuisafisha unapatikana.

Kumi kwa saa maana yake kila kituo kina dakika 6 kwa paneli moja. Namba hiyo ndiyo ya kutembea nayo kutoka kituo hadi kituo. Je, mtu mwenye kifaa kizuri anaimaliza kazi hii ndani ya dakika 6 bila kuharibu? Kama ndiyo, roboti wa kituo hicho anakaa pale kupigwa picha.

"Lakini tutaokoa mishahara." Haya, mali bila daftari huisha bila habari, tufungue daftari. Tuseme kupanga, kuunganisha, kufunga fremu, kubandika boksi la nyaya na kufungasha kunahitaji watu 12, na kila mmoja anakugharimu shilingi 25,000 kwa mwezi. (Kima cha chini cha kibarua wa mjini kilipandishwa Novemba 2024 hadi takriban 16,000, kwa hiyo sijapunja mtu.) Hiyo ni 300,000. Paneli 80 kwa siku, siku 22, ni paneli 1,760. Gawanya: shilingi 170 kwa paneli. Ukiwafukuza wote kumi na wawili na roboti asile hata senti ya umeme, umeokoa 170.

Paneli yenyewe je? Mwaka 2024 bei ya China kutoka kiwandani ilishuka hadi karibu senti 10 za dola kwa wati, yaani paneli ya wati 550 ni kama dola 55, shilingi 7,000 hivi. Sehemu kubwa ya hizo ni seli, kioo na aluminiamu, vitu unavyovinunua bila kujali nani anavishika. Na paneli ikishatoka kwenye laminata na kasoro, huifungui tena. Unaitupa au unaiuza kwa bei ya huruma. Kwa hiyo 170 kwa 7,000 ni kama asilimia 2.4. Ikiwa mashine inakupunguzia paneli mbovu zaidi ya mbili na nusu katika kila mia, inunue kesho. Isipofikia hapo, huyo mwuzaji akushukuru kwa chai na aende zake. Kwenye biashara hii, mashine hailipwi na mishahara. Inalipwa na paneli ambazo hazikutupwa.

Ukipima hivyo, kituo kimoja kinajitokeza chenyewe, na ndicho ambacho watu wa "kila kitu mikono" hawataki kukisikia: kuunga seli. Seli za leo zina unene wa kama milimita 0.15. Kila moja ina nyaya 10 au zaidi, za duara, kipenyo karibu milimita 0.3. Kwa nusu-seli 144, nyaya 10 mbele na 10 nyuma, ni mistari 2,880 ya waya ya kulehemu kwenye paneli moja. Nani atashika pasi ya kulehemu hapo? Ile hadithi ya fundi hodari aliyeunga seli kwa mkono ni ya enzi za tepe mbili tatu pana za shaba, milimita 1.5 hadi 2, seli nene, na muda wa kutosha. Teknolojia hiyo imepita.

Na hata ukimpata mwenye mkono huo, tatizo si kasi. Risasi ya kulehemu iliyo kwenye tepe huyeyuka kuanzia nyuzi 183. Ncha ya pasi iko kwenye 350 na zaidi, inagusa nukta moja wakati seli yote iko baridi. Sehemu moja inatanuka, jirani yake haijatanuka, na silikoni inapata ufa usioonekana kwa jicho. Kwenye testa ya flashi, mashine ya kupima wati kwa mwako wa taa, paneli inapita, wati zake zote zipo. Halafu inapelekwa juu ya paa Kisauni, inapanda joto mchana na kupoa usiku, ufa unafunguka, kipande cha seli kinatengwa na umeme wake. Stringa inaipasha seli yote joto kwanza, inashusha pini zote kwa pamoja, taa za infraredi zinawaka kwa sekunde chache, kisha seli inapoozwa polepole kwenye mkanda. Kila seli inapata yale yale, saa mbili asubuhi na saa kumi jioni. Hapo mkono wa binadamu haushindani, na anayesema unashindana hajawahi kutazama picha ya EL, ile inayopigwa seli zikipitishiwa umeme ili nyufa zionekane.

Usidhani lakini kwamba stringa ikishawashwa unaenda kunywa kahawa. Flaksi, dawa ya kusaidia risasi kushika, ikimwagika kupita kiasi inaganda kwenye mkanda na seli zinaanza kunata. Ikipungua, waya unakaa juu ya seli bila kushika, na hujui mpaka uuvute. Kwa hiyo kila shifti ikianza, chukua seli ya majaribio, uvute waya kwa kipimo cha nguvu na uandike namba. Dakika tano. Viwanda vinavyoruka dakika tano hizo hugundua tatizo kwa paneli mia zilizokwisha kulaminishwa.

Baada ya hapo, mikono irudi. Kupanga tungo 12 za seli juu ya kioo, watu wawili wenye fremu ya kunyonya wanamaliza ndani ya dakika 6 bila jasho, mradi chini ya kioo kuna ramani iliyochorwa, pamoja na taa. Kuunganisha tungo kwa tepe ni nukta 240: tungo 12, ncha mbili, nyaya 10. Kwa sekunde 2 kila nukta ni dakika 8, mtu mmoja hatoshi, wawili wakikaa pande mbili za meza ni dakika 4. Hapa pasi ya mkono haina madhara yale ya seli kwa sababu unachoma tepe nje ya silikoni, na chini yake unatanguliza karatasi ya kukinga joto.

Kuna sababu nyingine ambayo wenye video hawaitaji: soko letu si la saizi moja. Leo mteja wa shambani anataka wati 550, kesho mwenye duka la vifaa vya nyumbani anataka wati 100 za vipande 36, keshokutwa wati 50. Kwa meza ya mkono unabadilisha ramani chini ya kioo na kazi inaendelea. Kwa roboti wa kupanga unabadilisha vikombe vya kunyonya, unasogeza vizuizi, unafundisha kamera upya, na siku imekatika. Otomatiki kamili inampendelea anayetengeneza paneli ile ile milioni moja.

Kwa shingo upande, ninakubali jambo moja kwa wapenda roboti: kubeba. Paneli hiyo ina kilo 28 hivi, na ya vioo viwili inapita 30. Mtu akiishika pembeni na kuinyanyua, kioo kinapinda na seli ndani zinapinda nacho. Weka roli za kusukumia na meza ya kugeuzia.

Fremu: mashine ya hewa ya kubana pembe, fundi mmoja, basi. Boksi la nyaya: mkono. Kufungasha: mkono. Yale magari ya kujiendesha yenyewe ndani ya ghala: acheni utani.

Halafu kuna Mombasa yenyewe, ambayo katalogi haiijui. EVA inataka ghala chini ya nyuzi 30 na unyevu chini ya asilimia 60. Hapa unyevu wa nje unashinda ukipita 70, na masika ndiyo usiseme. Roli iliyofunguliwa na kuachwa wikendi inafyonza maji, na maji hayo yanakuwa viputo ndani ya paneli. Kwa hiyo pesa za roboti wa tatu zipelekwe kwenye mashine za kukausha hewa, kuanzia ghala la EVA mpaka mlango wa laminata. Hapo jenga ukuta. Upande wa pili, kwenye fremu, hewa kavu haihitajiki kabisa, kwa sababu gundi ya silikoni ya kichupa kimoja inakauka kwa kutumia unyevu wa hewa. Wapo wanaolipia umeme wa kukausha jengo zima, kisha wanashangaa mbona gundi ya fremu inachelewa kushika.

Kompresa nayo inafyonza hewa hiyo hiyo ya bahari na kutema maji. Bila kikaushi cha kupoza, maji yanafika kwenye valvu na vikombe vya stringa, tone moja linadondoka kwenye seli ya moto na seli inapasuka. Kadiri unavyoongeza mitambo ya hewa, ndivyo unavyoongeza mahali pa maji kuingia. Na umeme ukikatika kwa sekunde moja tu, mtu mwenye pasi mkononi anasubiri. Stringa inapoteza kila seli iliyokuwa kwenye mkanda wa moto na robo saa ya kuirudisha kwenye mstari. Laminata ikikatikiwa wakati bado inavuta hewa, zile paneli tatu zinaendelea kuiva juu ya bamba la moto na hewa iko ndani. Jenereta peke yake haisaidii, maana inachukua sekunde kadhaa kushika. Betri ya UPS iwekwe kwenye PLC, ile kompyuta inayoendesha mashine, na kwenye pampu ya laminata kabla ya kufikiria kituo kingine chochote cha otomatiki.

Vipimo ndipo ninapowagombeza wabanaji pesa. Kamera ya EL ikae kabla ya laminata, si mwisho wa laini peke yake: kabla, seli iliyopasuka inabadilishwa kwa dakika chache, baada ya hapo unapiga picha ya maiti. Testa ya flashi inasoma kwa kiwango cha nyuzi 25, na seli za aina ya PERC hupoteza takriban asilimia 0.35 kwa kila nyuzi inayozidi. Paneli iliyotoka kwenye laminata ikiwa bado na nyuzi 40 inasoma wati 29 pungufu, isipokuwa kihisi kinasoma joto la paneli na programu inasahihisha. Mara nyingi kihisi utakikuta kinaning'inia ukutani, kinapima kiyoyozi.

Mwisho, mkataba. Stringa na laminata mtazinunua China, hilo halina ubishi. Fundi wao atakuja, atafunga, ataondoka, na PLC itabaki na nywila anayoijua yeye. Mwezi wa saba kihisi kinakufa, fundi wa Changamwe anaweza kukibadilisha kwa nusu saa, lakini skrini inamwambia hana ruhusa. Kwa hiyo kabla ya malipo ya mwisho kutoka, mkabidhiwe nakala ya programu ya PLC, nywila zote, michoro ya umeme, na orodha ya spea yenye namba za kiwanda kilichotengeneza kila kipande, si namba za mwuzaji. Ndani ya kontena moja na mashine viwemo pia mpira wa laminata wa akiba, shuka za tefloni, mafuta ya pampu, taa za infraredi na vikombe vya kunyonya. Akisema nywila ni siri ya kampuni, mwambieni asante. Mji wa Wuxi peke yake una zaidi ya mmoja anayeuza stringa.