Karatasi, Kinywa na Mti wa Ukoo wa Mtandaoni

Kwenye miti ya ukoo ya pamoja, kama WikiTree iliyoanza 2008 au ule wa FamilySearch unaoendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, marehemu mmoja anatakiwa awe na ukurasa mmoja tu. Mjukuu aliye mtaa wa Umoja, Nairobi, binamu yake aliye Leeds na mtu baki aliye Utah wote wanaweza kuuhariri ukurasa huohuo. Wakivutana, hushinda mwenye ushahidi, na ushahidi unaopita bila maswali ni karatasi, hasa iliyoandikwa kwa Kiingereza. Familia nyingi za Nairobi hukwama hapo. Anayeujua ukoo ni nyanya aliye Kitui, anayesimulia kwa Kikamba na hana habari na mtandao. Anayeujua mtandao ni mjukuu wake wa Buruburu, ambaye Kikamba anakisikia nusunusu na kujibu kwa Kiswahili.

Je, masharti ya vyanzo yalegezwe kwa ajili yao?

Wanaosema yasilegezwe wana hoja nzito kuliko tunavyopenda kukiri. Chukua majina. Wakikuyu humpa mwana wa kwanza jina la babu mzaa baba, wa pili jina la babu mzaa mama, na mabinti vivyo hivyo kwa upande wa nyanya. Kwa hiyo Kamau wa Njoroge anamzaa Njoroge wa Kamau, naye anamzaa Kamau wa Njoroge, na ndugu wanne wa tumbo moja wanaweza kila mmoja kuwa na mtoto mwenye jina lilelile. Mtu akiwaona Kamau Njoroge wawili wa Murang'a akadhani ni mmoja, akaunganisha kurasa zao kwa kubofya mara chache, amemfuta mtu mzima pamoja na wanawe. Kwa Waluo, Otieno amezaliwa usiku na Okoth amezaliwa mvua ikinyesha. Usiku na mvua zimekuwa nyingi. Wakalenjin nao huhesabu kwa marika saba au manane, kutegemea jamii, yanayozunguka na kurudi baada ya miaka mia na zaidi. Ukiambiwa fulani alikuwa wa rika la Kaplelach, bado unapaswa kuuliza ni Kaplelach wa mzunguko upi.

Halafu kuna suala la lugha ya pamoja. Ukurasa ulioandikwa kwa Kikamba pekee hauwezi kukaguliwa na wahariri wa kujitolea, ambao aghalabu wako Marekani, Uingereza na Australia. Na mti wa pamoja usiokaguliwa huota uongo haraka: mmoja akikosea, ishirini hunakili, na baada ya muda kosa linaonekana kuwa kweli kwa sababu liko kila mahali. Haya yamewapata Wazungu wenyewe na vitabu vyao vya ubatizo vya karne tano. Sisi tutapona vipi?

Hadi hapo nakubaliana nao. Tunaachana pale wanapodhani kwamba karatasi haina upande.

Karatasi ya Kenya ni changa, na haikuandikwa kwa faida ya wanaoandikwa. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ni ya 1928, lakini kwa Waafrika ilisambazwa polepole, wilaya baada ya wilaya, na ikaenea nchi nzima mwaka 1971. Kabla ya hapo, wengi wa babu zetu waliandikwa kwa mara ya kwanza kwenye kipande, kile cheti ambacho mwanamume alianza kulazimishwa kukivaa shingoni baada ya Vita Vikuu vya Kwanza ili serikali ijue anamfanyia nani kazi na asitoroke. Wanaume tu. Nyanya zetu hawamo. Wengine waliingia baadaye kwa vitambulisho vyenye tarehe ya kuzaliwa 1 Januari, kwa sababu karani alihitaji tarehe na hiyo ndiyo iliyokuwa rahisi. Mtu wa mbali akiona hati ya serikali yenye siku, mwezi na mwaka, huiona kuwa chanzo bora. Mwenyeji huiangalia akatabasamu.

Mfano mzuri ni wa mtu ambaye ukoo wake umechunguzwa kuliko wa Mkenya mwingine yeyote: Hussein Onyango Obama, babu wa Barack Obama, aliyewahi kuwa mpishi na mtumishi wa Wazungu hapa Nairobi. Miaka inayotajwa kutoka kwenye kaburi lake Kogelo ni 1870 hadi 1975. Lakini mjukuu wake, katika kumbukumbu alizochapisha 1995, anaeleza alivyoonyeshwa kitabu cha mtumishi wa nyumbani kilichotolewa chini ya sheria ya 1928, ambamo Onyango anatajwa kuwa na miaka 35. Kwa kuwa kitabu hakiwezi kuwa cha kabla ya 1928, alizaliwa karibu 1893 au baadaye. Tofauti ni zaidi ya miaka ishirini. Mhariri wa kawaida ataichagua hati na kuliacha jiwe, na yamkini atakuwa karibu zaidi na ukweli. Ila ile 35 nayo ilitoka wapi kama hakukuwa na cheti cha kuzaliwa? Ama kwa Onyango mwenyewe, ama kwa karani aliyemtazama usoni akakadiria. Ni neno la kinywa lililogongwa muhuri.

Na habari zilizobaki za maisha yake, safari zake, ndoa zake, ukali wake, zilitoka kwa Mama Sarah, mkewe, aliyesimulia kwa Kijaluo huku Auma, dada yake Barack, akitafsiri. Tunasoma Kiingereza cha mjukuu, kilichotokana na tafsiri ya mjukuu mwingine, ya maneno ya bibi aliyefariki 2021. Sidanganyi nikisema familia nyingi hazina hata hicho.

Tafsiri ndipo hitilafu nyingi huingilia. Shangazi akisema fulani ni baba yake, mjukuu mwenye simu anajaza sanduku la baba, kumbe anayetajwa ni baba mkubwa. Wakati umekwisha kupita wa kuuliza "ni yule aliyekuzaa?" Kosa kama hilo haligunduliki kwa kusoma ukurasa, maana maneno ya mwanzo hayapo tena. Ndiyo maana naona wanaotaka nyanya aaminiwe tu, bila masharti, wanamharibia nyanya huyo. FamilySearch imepeleka wahojaji kwa wazee katika nchi kadhaa za Afrika ili wasimulie koo zao, na kazi hiyo ni ya maana sana. Lakini majina yakiingizwa kwenye mti bila sauti, lugha na jina la msimulizi kuonekana hapohapo, msomaji hupewa orodha asiyoweza kuiuliza chochote.

Pwani wana somo lao. Simulizi za kale za Kilwa zilidai kwamba watawala wa mwanzo walitoka Shirazi, Uajemi, na kwa muda mrefu wasomi wengi walizichukulia kuwa ni za kujitafutia heshima. Mwaka 2023 utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao pwani, uliochapishwa katika jarida la Nature, ulikuta mchanganyiko wa wanaume wa Kiajemi na wanawake wa Kiafrika ulioanza karibu mwaka 1000. Kwa hiyo simulizi zilikuwa na ukweli kuhusu akina baba. Kuhusu akina mama, ambao ndio waliochangia nusu na zaidi ya nasaba ya wengi wa watu hao, zilisema machache. Kipande kiliwaacha wanawake, na simulizi za kifalme nazo zikawaweka pembeni.

Hata vijitabu vya mazishi, ambavyo mimi naviona kuwa hazina kubwa isiyotumika ya nasaba mjini hapa, vina ukimya wao. Humo mna wazazi, ndugu, wake, wakwe, watoto na wajukuu, wote wamepangwa kwenye kurasa chache za Kiingereza cha haraka. Lakini kila kijitabu kimepita mikononi mwa kamati ya mazishi, na kamati imejadiliana nani aitwe mke. Kitumike, na jina la kijitabu liandikwe, na msomaji ajue kilitungwa na akina nani.

Ninachokitaka kwa vyanzo vya mdomo kinawezekana kwa simu ya kawaida. Sauti irekodiwe kwa lugha ya msimulizi. Siku, mahali na uhusiano wake na anayesimuliwa viandikwe, kwa idhini yake. Maneno yanakiliwe kwa lugha hiyohiyo, herufi ĩ na ũ za Kikamba na Kikuyu zikiwemo, kisha tafsiri ije chini yake. Tafsiri ya Kiswahili ingefaa Nairobi kuliko ya Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ambayo shemeji wa Kiluhya na mkwe wa Kikamba wanaweza kuitumia kukosoana. Palipo na shaka, shaka ionekane: WikiTree tayari ina alama ya kuonyesha kwamba mzazi aliyetajwa hana uhakika, na mwaka unaweza kuandikwa kwa kukadiria. Ni kazi, ndiyo, na wengi watachoka kabla ya kumaliza rekodi moja.

Kuna jambo moja ambalo miti hii naona imelipanga kinyume na hali yetu. Ukali wake huongezeka kadiri unavyorudi nyuma. WikiTree haikuruhusu kumgusa aliyezaliwa kabla ya 1700 mpaka ufanye jaribio la maswali. Kwa Ulaya ni sawa, maana huko uongo hupenda kukaa kwa wafalme. Kwetu, babu wa tano hana wa kumgombania. Hatari iko kwa vizazi viwili vya mwisho, pale baba anapofariki, chifu anapoandika barua ya kuwataja warithi kwa ajili ya mahakama, na ploti ya Kasarani inasubiri. Ukurasa wa mtandaoni unaotaja mtoto wa nje kwa neno la shangazi mmoja unaweza kuwa kweli tupu, au silaha ya shangazi huyo. Walio hai hufichwa na mifumo hii, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inasaidia, lakini marehemu wa juzi ukurasa wake unaweza kuwa wazi kwa dunia kabla ya matanga kwisha. Ningelegeza masharti kwa wa zamani, waingie kwa sauti za wazee na alama za shaka. Kwa waliofariki karibuni ningedai wasimulizi wawili wasiokula chungu kimoja, au hati, kabla ya jina la mzazi kuandikwa.