Mashine kulia sio kwamba urani ipo

Kila ikitoka habari kwamba kampuni fulani imepata "dalili za urani", komenti ni zilezile, nusu wanasema tushatajirika, nusu wanasema tutakufa na kansa, hakuna anayeuliza wameitafutaje. Na hilo ndo swali lenyewe, hasa kwa ile urani inayojificha kwenye mito ya kale iliyofukiwa.

Angalia Australia Kusini. Sehemu ya kaskazini ya milima ya Flinders kuna miamba ya granaiti yenye urani nyingi kupita kawaida, sasa maji ya mvua yenye oksijeni yakawa yanaiyeyusha kidogo kidogo kwa mamilioni ya miaka, yanaibeba hadi kwenye mchanga wa mito ya enzi hizo, huko inakutana na mabaki ya miti na majani ambako oksijeni imeisha, basi inaganda palepale. Mito ikafa, udongo ukaifunika, leo ukipita juu ni jangwa tu na mzigo uko kama mita 100 chini. Ndo hazina ya urani ya Beverley hiyo, iligunduliwa 1969. Honeymoon iliyoko kusini yake ikafuata 1972, nayo ni mto uliofukiwa.

Ndege ya kupima mionzi hapo haikusaidii sana jamani, inaona kama nusu mita ya juu, basi. Kwa hiyo unautafuta mto kwanza. Unapima jinsi ardhi inavyopitisha umeme, maana mkondo wenye maji ya chumvi unapitisha vizuri kuliko mwamba wa pembeni, ukishapata ramani yake ndo unachoronga mashimo kwa mstari kuukatisha.

Halafu unashusha kipimo cha mionzi ya gama shimoni, kinalia, watu wanashangilia. Polepole! Kile kipimo hakisomi urani yenyewe, kinasoma watoto wa radiamu, yani vitu vinavyozaliwa radiamu inapovunjika, nayo radiamu imezaliwa na urani, na urani ni ya kuhamahama, maji yanaweza kuwa yameshaisogeza mbele yakaiacha radiamu nyuma inapiga kelele peke yake. Ndo maana Waaustralia wanatumia pia kifaa cha nyutroni kinachosoma urani moja kwa moja. Mi tangazo linalotaja gama tu bila sampuli za maabara nalipita tu, kama status ya mtu anayesema amepata kazi Dubai.

Kwetu Tanzania, Bahi na Manyoni, urani iko karibu na juu, kwenye chokaa na udongo wa mabonde, hiyo ndege inaweza kuiona. Mkuju kule Namtumbo ipo kwenye mchanga uliogeuka mwamba, ila kemia ni ileile ya maji kubeba na kuacha. Yani popote urani ya namna hii ilipo, maji yamepita, na mara nyingi bado yapo. Maji ya Beverley yana chumvi, hakuna anayeyanywa, ndo maana waliweza kupitisha asidi chini kwa chini na kuivuta urani bila kuchimba shimo kubwa. Bahi watu wanalima mpunga na kuvua samaki kwenye hilohilo bonde.

Mi siko upande wa kupinga utafiti. Nataka tu kabla shimo la kwanza halijachorongwa kila kisima cha jirani kipimwe urani na radiamu, majibu yabandikwe ofisi ya kijiji. Visima vingine vitakutwa na urani ya asili tayari, sawa, ijulikane. La sivyo baada ya miaka kumi kampuni itasema ilikuwepo toka zamani, wanakijiji watasema mmekuja nayo nyie, na hakuna hata mmoja mwenye karatasi ya kuonyesha.